Lorde, Rich, Hemphill au Jordan: Uanze na Nani?

Wapenzi wa ushairi wanaosikia habari za washairi kuchu (waliopenda watu wa jinsia yao) wa Marekani, wale walioandika mapenzi yao na kupambana na dola kwa kalamu ileile, huishia kuuliza swali moja: nianze na nani? Majina yanayorudi mara kwa mara ni manne. Audre Lorde, Adrienne Rich, Essex Hemphill na June Jordan. Kuagiza vitabu vyao ni gharama, na muda wa kukaa na shairi lililoandikwa kwa Kiingereza cha watu wengine ni mchache, kwa hiyo jibu la "soma wote" halimsaidii mtu. Nitawaweka mmoja kando ya mwenzake na kusema nani anamfaa nani.

Kipimo changu kikuu ni mashairi yao ya mapenzi. Najua wengi wangependa kuanza na yale ya maandamano, yanayotaja polisi, marais na vita. Lakini shairi la maandamano huweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye hasira na sikio zuri. Hawa wanne walizaliwa katika nchi ambayo kila jimbo lake lilikuwa na sheria ya kuadhibu ngono ya watu wa jinsia moja; Illinois ndilo lililotangulia kuifuta, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na zilizobaki zilidumu hadi Mahakama ya Juu ilipozibatilisha mwaka 2003. Kati ya wanne hao, mmoja tu, Rich, aliishi kuiona 2003 ikipita. Katika hali kama hiyo, mwanamke akimwandikia mwanamke mwenzake kwamba anampenda, na akatia jina lake kamili chini, tayari ameshavunja amri. Msomaji wa Nairobi anayekumbuka Mei 2019, Mahakama Kuu ilipoviacha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono ya watu wa jinsia moja, vibaki palepale, hahitaji maelezo marefu hapa.

Lorde na Rich: marafiki wasiofanana

Wawili hawa hutajwa pamoja kwa sababu ya jioni moja ya 1974. Rich alikuwa ameshinda Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu kwa diwani yake *Diving into the Wreck*, akigawana ushindi na mshairi Allen Ginsberg. Lorde na Alice Walker walikuwa miongoni mwa walioteuliwa pia. Watatu hao walikuwa wamekubaliana mapema kwamba mmoja wao akishinda, hatapokea peke yake. Rich akapanda jukwaani na tamko waliloliandika pamoja, akaipokea tuzo kwa niaba ya wanawake wote ambao sauti zao hazisikiki. Tangu hapo watu hudhani kwamba ukimsoma mmoja, umemsoma na mwenzake. Si kweli hata kidogo.

Rich alizaliwa Baltimore mwaka 1929, binti wa daktari wa Johns Hopkins. Diwani yake ya kwanza ilitoka 1951, ikiwa imechaguliwa na mshairi W. H. Auden, na ilikuwa na beti nadhifu zenye vina, za msichana aliyefundishwa vizuri na anayetaka kuwafurahisha wakubwa. Akaolewa na mchumi wa Harvard, akazaa wana watatu. Kisha, kitabu baada ya kitabu, unamwona akilegeza vina, akiivunja mizani, akianza kuandika mwaka chini ya kila shairi kana kwamba anajua atabadilika na anataka tarehe zibaki kuwa ushahidi. Mume wake alifariki 1970. Mwaka 1976 alianza kuishi na Michelle Cliff, mwandishi mzaliwa wa Jamaica, na wakaishi pamoja hadi Rich alipofariki 2012. Kwa hiyo anayemchagua Rich anachagua safari ya mtu aliyeishi maisha ya aina moja kwa miaka mingi, akayatilia shaka, akayabadilisha hadharani na kwa utaratibu.

Lorde ni kinyume chake. Alizaliwa New York mwaka 1934, akakulia Harlem, baba akiwa ametoka Barbados na mama kisiwa kidogo cha Carriacou, Grenada. Alikuwa mkutubi kwa taaluma. Yeye pia aliolewa, akazaa watoto wawili, ndoa ikavunjika, akawalea watoto hao pamoja na mwanamke aliyempenda. Lakini katika mashairi yake huoni mtu anayegeuka polepole. Unaona mtu aliyekwisha kuamua kwamba hatakatwa vipande. Alipokuwa akijitambulisha mbele ya watu alitaja yote kwa mkupuo: mweusi, msagaji, mama, mpiganaji, mshairi. Waliomtaka awe mweusi tu walikasirishwa na hayo mengine, na waliomtaka awe mtetezi wa wanawake tu walikasirishwa na weusi wake. Alikataa kuwapunguzia.

Sasa tuwapime kwa mapenzi.

Shairi la Lorde linaloitwa "Love Poem" ni fupi, na linaanza kwa kuiomba ardhi inene na ibariki. Baada ya hapo mwili wa mpenzi unakuwa nchi: kuna asali, kuna milima, kuna bonde lililochongwa na mvua, kuna upepo unaoingia msituni. Msomaji aliyelelewa na mafumbo ya mashairi ya mapenzi ya pwani atajisikia nyumbani, maana Lorde hasemi kitu kwa jina lake la sokoni, na bado hakuna asiyeelewa anachokisema. Lorde mwenyewe alisimulia kwamba shairi hilo lilipokuwa likiandaliwa kuingia katika diwani yake ya 1973, mhariri wake alimpigia simu akimuuliza kama anayezungumza humo ni mwanamume. Akamjibu hapana, nampenda mwanamke. Halikuingia katika kitabu hicho. Likatokea katika diwani iliyofuata, ya 1974, na kabla ya hapo alikuwa amelibandika ukutani katika idara ya chuo alichokuwa akifundisha ili kila apitaye alisome. Naona kitendo hicho cha ukutani ni sehemu ya shairi lenyewe.

Rich alitoa *Twenty-One Love Poems* mwaka 1976, mashairi ishirini na moja yenye namba na moja lisilo na namba linaloelea katikati, ambalo ndilo la mwili zaidi. Yakaingia baadaye katika *The Dream of a Common Language* ya 1978. Hapa hakuna ardhi inayonena. Kuna Manhattan, takataka barabarani, makabati ya vitabu, simu, wanawake wawili ambao si wasichana tena na wanaojua kwamba muda wao umebaki mchache. Shairi la nne ndilo ninalompa kila anayesitasita. Mwanamke anarudi asubuhi kutoka kwa mpenzi wake, mikono imejaa vitu vya dukani, mzee mmoja anamkaripia kwenye lifti. Anafika, anapanga vitu jikoni, anafungua barua zake, na ndani yake anakuta nakala ya maandishi ya kijana wa miaka 27 aliyeteswa gerezani. Anasoma, analia. Anagundua kwamba watu wenye uwezo wa kutesa hivyo bado ndio wenye dunia, na kwamba mpenzi wake hayupo mikononi mwake. Sijaona shairi lingine linaloonyesha kwa upole namna hiyo jinsi furaha ya faragha na mateso ya mtu wa mbali yanavyokaa katika meza moja ya jikoni. Ukilikuta halina kitu kwako, basi Rich si wa kwako kwa sasa, na hakuna ubaya.

Tofauti yao inaonekana pia walipokasirika. Mwaka 1973, huko Queens, New York, polisi mzungu alimpiga risasi na kumuua mtoto mweusi wa miaka kumi, Clifford Glover. Mwaka uliofuata jopo la raia kumi na wawili, kumi na mmoja wanaume wazungu na mmoja mwanamke mweusi, likamwachia polisi huyo huru. Lorde alikuwa akiendesha gari aliposikia habari hiyo redioni. Alieleza baadaye, katika mazungumzo marefu na Rich mwenyewe, kwamba ilibidi asimame kando ya barabara aandike katika daftari lake ili asije akasababisha ajali. Kilichotoka hapo ni shairi la "Power". Linaanza kwa kutenganisha ushairi na maneno matupu ya majukwaani kwa mizani ya kutisha: kama uko tayari kujiua wewe badala ya watoto wako. Halafu linaingia mahakamani, linamtazama yule mwanamke mweusi pekee wa jopo jinsi alivyoburuzwa, na mwishoni mshairi anajiangalia yeye mwenyewe na kuona kwamba hasira hii isipopata njia ya kutumika itaoza ndani yake hadi imdhuru mtu asiye na hatia. Ni shairi gumu kusoma. Nalihesabu kuwa kubwa kwa sababu Lorde hajiweki nje ya hukumu.

Hasira ya Rich ilichukua umbo la barua. Mwaka 1997 serikali ya Clinton ilimpa Nishani ya Kitaifa ya Sanaa. Akaikataa, akaeleza kwa maandishi kwamba sanaa haina maana ikiwa kazi yake ni kupamba meza ya chakula ya wenye mamlaka huku wananchi walio wengi wakiendelea kudharauliwa. Ni msimamo safi, na unamfaa msomaji anayetaka kuona mwandishi akifikiri hatua kwa hatua. Lakini kati ya barua hiyo na "Power", moyo wangu uko kwa "Power".

Jambo moja la kumtahadharisha msomaji wa Afrika Mashariki kuhusu Lorde. Diwani yake inayosifiwa zaidi, *The Black Unicorn* ya 1978, imejaa Dahomey (ufalme wa kale katika Benin ya leo) na miungu wa Afrika Magharibi: Seboulisa, Yemanja, Eshu, na orodha ya majina yao mwishoni mwa kitabu. Afrika hiyo ni ya mjukuu wa walionyang'anywa, anayejitafutia bibi zake kwa majina. Ukiingia na matarajio ya kukutana na bara unalolijua wewe, utaiona iko mbali sana nawe. Ukiingia ukijua ni kiu ya mtu aliyezaliwa ng'ambo, utaelewa kwa nini alihitaji miungu ya kike kusema alichotaka kusema. Ndani ya diwani hiyohiyo kuna "A Litany for Survival", shairi la wale wanaoishi ukingoni mwa ufuko, wanaopendana milangoni wakiingia na kutoka, wasiopewa nafasi ya kuchagua kwa starehe. Linakwenda kama dua ya kuitikizana: tukila tunaogopa, tukinyamaza tunaogopa, tukisema tunaogopa, basi heri kusema. Kwa mtu mmoja anayetaka shairi moja tu, namtuma hapo bila kusita.

Hemphill: kwa anayesoma kwa masikio

Essex Hemphill hajulikani kama hao wawili, na naona ni hasara kubwa. Alizaliwa Chicago mwaka 1957, akakulia Washington, katika mitaa ya watu weusi ambayo watalii wa ikulu hawaioni. Alianza kwa kujichapishia vijitabu vidogo, vikiwemo *Earth Life* mwaka 1985 na *Conditions* mwaka 1986. Mashairi yake aliyasoma jukwaani pamoja na rafiki zake, sauti mbili tatu zikipishana na kuingiliana, moja ikisema mshororo na nyingine ikiurudia au ikiupinga. Ukiyasoma kimya kimya karatasini unapoteza nusu ya utamu. Ndiyo maana namshauri anayemchagua amsikie kwanza: sauti yake imo katika filamu *Tongues Untied* ya Marlon Riggs na *Looking for Langston* ya Isaac Julien, zote za 1989. Ile ya Riggs ilipoonyeshwa katika televisheni ya umma ya Marekani mwaka 1991 ilizua kelele kubwa, na mwaka uliofuata Pat Buchanan, aliyekuwa akiwania urais, akatumia vipande vyake katika tangazo la kampeni ili kumshambulia mpinzani wake kwa fedha za umma zilizosaidia sanaa ya namna hiyo. Wanaume weusi wakisema kwamba wanapendana wakageuzwa silaha ya uchaguzi.

Mapenzi ya Hemphill hayana pazia. Mahali Lorde anaposema bonde, yeye anataja kiungo. Shairi lake "American Wedding" ni harusi ya wanaume wawili, lina kiapo, lina pete, na pete inavishwa mahali ambapo kasisi asingethubutu kutazama. Liliandikwa miaka mingi kabla ya Mahakama ya Juu kuruhusu ndoa hizo nchi nzima mwaka 2015, na halimwombi mtu ruhusa. Wenye kupenda staha katika ushairi watashtuka, na ni haki yao. Hao wasianze naye. Lakini msomaji asidhani ukali huo ni wa kutafuta sifa. Hemphill aliandika wakati wanaume wa rika lake walikuwa wakizikwa kila wiki, na kuutaja mwili kwa jina lake kulikuwa kukataa kuuona kama maiti inayosubiri.

Hapa ndipo anapowazidi wenzake wote, katika kuomboleza. Joseph Beam, rafiki yake, alikusanya mwaka 1986 kitabu cha kwanza cha maandishi ya wanaume weusi wapendao wanaume nchini humo. Alikuwa akiandaa cha pili UKIMWI ulipomchukua, Desemba 1988. Hemphill alihamia Philadelphia nyumbani kwa mama wa marehemu, na kwa msaada wa mama huyo akaimaliza kazi. Kitabu kilitoka 1991 kwa jina la *Brother to Brother*. Shairi lake kwa Beam, "When My Brother Fell", linaanza na askari anayeokota silaha za nduguye aliyeanguka bila kujiuliza kama ataweza uzito wake. Nikilinganisha na tanzia nilizozizoea, ambamo marehemu husifiwa na Mungu akaombwa ampokee, hapa anayelia anapokea pia kazi isiyokwisha. Halafu anakiri, kadiri shairi linavyosonga, kwamba kushona majina ya wafu katika mablanketi ya kumbukumbu hakumtoshi.

Yeye mwenyewe alifariki Novemba 1995 akiwa na miaka 38. Dawa mseto zilizobadilisha UKIMWI kutoka hukumu ya kifo kuwa ugonjwa wa kuishi nao zilianza kuenea mwaka uliofuata. Waliokaa na wagonjwa Kagera, Rakai au Kisumu katika miaka ileile watamsoma Hemphill kwa namna ambayo mhakiki wa New York hawezi.

Na bado ana furaha. "For My Own Protection" linapendekeza kuanzisha jumuiya ya kuokoa maisha yake mwenyewe: kama nyangumi, konokono, mbwa, kampuni ya magari na hata rais aliyejiuzulu waliweza kuokolewa, basi wanaume weusi wanaweza kuokolewa pia. Kiingereza chake ni chepesi, mishororo ni mifupi. "Heavy Breathing" ni kinyume chake, refu, la usiku, la basi la Washington ambalo analiita meli ya watumwa. Lisome baadaye.

Jordan: kwa anayetaka kuiona Afrika humo

June Jordan nitamweleza kwa ufupi zaidi, ingawa kwa msomaji wa Kongo huenda yeye ndiye mlango wa kwanza. Alizaliwa Harlem 1936, mtoto wa wahamiaji wa Jamaica, na baba aliyempiga sana na kumfundisha kusoma vilevile. Aliwapenda wanaume na wanawake, na katika insha ya 1991 alitetea hali hiyo kuwa ni uhuru kamili, akiwajibu wale wa pande zote mbili waliomtaka achague.

"Poem about My Rights", katika diwani ya 1980 iitwayo *Passion*, linaanza na jambo dogo: mwanamke anataka kutoka usiku atembee afikiri kuhusu shairi lake, na hawezi, kwa sababu ni mwanamke, ni mweusi, na yuko peke yake. Kutoka hapo linakimbia bila nukta. Sheria ya ubakaji Ufaransa, jeshi la makaburu likipita Namibia kuingia Angola, Zimbabwe, kisha Nkrumah, kisha Patrice Lumumba, kisha baba yake mwenyewe akisema kwamba yeye ni kosa. Jordan anawaunganisha wote kwa hoja moja: anayevunja mwili wa mwanamke na anayevunja nchi hutumia sababu ileile, kwamba aliyevunjwa alikubali. Katika mbio hizo anaandika kana kwamba Nkrumah aliuawa 1966, ilhali alipinduliwa na akafia Romania miaka sita baadaye. Hasira ilimpita mbele, na hoja inasimama hata hivyo. Lumumba aliuawa kweli, Januari 1961, na mzazi aliyekulia Lubumbashi atakueleza mengine. Mwisho wa shairi Jordan anakataa jina la kosa na kudai jina lake mwenyewe, kwa sauti ya mtu ambaye hatabembelezwa.

Mwaka 1978, katika Umoja wa Mataifa, alisoma shairi la kuwaenzi wanawake walioandamana Pretoria tarehe 9 Agosti 1956. Mshororo wake wa mwisho, unaosema kwamba sisi ndio tuliokuwa tukijisubiri, umetumiwa na wanasiasa wengi, Barack Obama akiwemo katika kampeni ya 2008. Aliandika pia kuhusu mauaji ya Sabra na Shatila, Lebanon, ya 1982, akasimama na Wapalestina wakati kufanya hivyo kulimgharimu mwandishi wa Marekani marafiki na nafasi za kuchapishwa.

Kwa kipimo changu cha mapenzi, Jordan ana *Haruko/Love Poems* ya 1994, mashairi mafupi, mengine yakiwa na mishororo michache tu, ya kumtamani mwanamke asiyeshikika. Ni mazuri, ila sioni kwamba yanafika walipofika Lorde na Hemphill. Tena aliandika mashairi mengi kwa ajili ya tukio la wiki ile, na baadhi yamezeeka pamoja na habari zake. *Directed by Desire*, mkusanyo wake mkubwa uliotoka 2005, ni mzito mno kwa anayeanza. Anza na *Passion*.

Kuhusu umbo na ugumu

Kwa kawaida hakuna hata mmoja kati yao anayefuata vina na mizani, ukiacha mashairi ya ujana ya Rich. Wanaoamini kwamba shairi la kupinga dola linahitaji umbo lililofungwa, kama alivyoonyesha Abdilatif Abdalla alipoandika *Sauti ya Dhiki* akiwa mfungwa nchini Kenya kati ya 1969 na 1972, watahitaji kuvumilia mwanzoni. Waliokwisha kuelewana na Kezilahabi wa *Kichomi* na mashairi yake huru hawatapata shida. Lorde ndiye wa karibu zaidi na masikio yetu kwa sababu ya urudiaji wake na namna anavyoitikiza. Rich ndiye mgumu kuliko wote: sentensi zake ni ndefu, anarejelea vitabu na wanawake wa historia ambao inabidi uwatafute, na mashairi ya miaka ya mwisho yana mapengo makusudi kati ya maneno. Jordan ni mwepesi kwa lugha, ila anahitaji ujue siasa za wakati wake. Hemphill ni mwepesi kwa lugha na mzito kwa moyo.

Kwa mwanamke aliyeolewa na ambaye ameanza kujiuliza maswali asiyoweza kumwambia mtu, kitabu ni *The Dream of a Common Language*, hata kama kitamchukua mwaka mzima. Kwa mwanafunzi mwanaharakati ambaye tayari anaandika mashairi na anataka kujua kwa nini asiache, achukue insha za Lorde katika *Sister Outsider* ya 1984, ambamo kuna ile ya 1977 inayosema ushairi si anasa kwa wanawake bali ni mahali ambapo jambo lisilo na jina hupata jina kabla halijawa tendo. Ni nathari, na inafungua mashairi yake kuliko mhakiki yeyote. Aliyemzika ndugu na hakuruhusiwa kusema alikufa kwa nini, asimpite Hemphill. Kwa miaka mingi *Ceremonies* yake ya 1992 ilikuwa taabu kupatikana, lakini mwaka 2025 kampuni ya New Directions ilitoa mashairi yake teule, *Love Is a Dangerous Word*, kwa hiyo kisingizio hicho hakipo tena.

Asiye na fedha ya kuagiza atakuta mashairi mengi ya Lorde, Rich na Jordan, na baadhi ya Hemphill, bila malipo katika tovuti ya Poetry Foundation. Ukiyapata huko au kwingineko, unaweza kuweka "A Litany for Survival", shairi la nne la Rich, "For My Own Protection" na "Poem about My Rights" katika dirisha moja na kuyasoma yote jioni moja. Na kama mko kikundi, msimpe mtu mmoja awasomee wengine. Hemphill mgawane mishororo, wawili au watatu wapokezane kwa sauti kama alivyofanya mwenyewe. Lorde mmoja aanze na wengine waitikie. Jordan asomwe na mwenye pumzi ndefu, bila kusimama. Na Rich kila mtu aende naye nyumbani.